Mto wa Mbu hadi Engare Sero na punda: kukusanya majani ya njiani

Kazi yangu ni kutunza farasi, upande wa Usa River nje kidogo ya Arusha. Kiangazi kikikaza, marobota ya nyasi kavu hupanda bei, na mwenye mali huanza kuniuliza kama porini hakuna majani ya bure. Yapo. Shida ni kujua lipi la kukata na lipi la kulipita mbali. Kwa hiyo niliposikia kuna mama wa Kimaasai anayeshuka Mto wa Mbu na punda kuchukua mahemezi, kisha anarudi kwao Engare Sero, karibu na ziwa Natron, kwa miguu, niliomba kufuatana naye. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa kuunganisha daftari lililolowa jasho na picha za simu.

Mtu atasema punda si farasi. Kweli, lakini matumbo yao ni ya ukoo mmoja: tumbo la mbele dogo, utumbo wa nyuma mkubwa unaochachusha majani magumu, na wote wawili hawawezi kutapika. Kilichomezwa kimemezwa. Tofauti kubwa ni kwamba punda huneemeka kwa majani makavu ambayo farasi wa kazi angekonda nayo.

Jumamosi: Arusha – Mto wa Mbu

Kosta ya asubuhi, nauli elfu saba, na kama kawaida haitoki mpaka ijae. Tuliondoka saa nne badala ya saa mbili. Lami tupu hadi Makuyuni, halafu kulia. Hakuna cha kusimulia.

Nilimkuta nyuma ya soko, ameketi juu ya gunia la unga, na punda watano wamefungwa kivulini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipima kuanzia viatu hadi kofia. Tangu hapo nilimwita Yeyo kama kila mtu alivyomwita, naye akaniita mwanangu. Alikuwa na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba hivi, ambaye wote walimwita Layoni tu. Tulikubaliana elfu kumi na tano kwa siku, na sukari na majani ya chai juu yangu. Punda ni wa Yeyo, si wa mumewe. Kwa Wamaasai mambo ya punda, yaani maji, kuni na mizigo, yako mikononi mwa akina mama, na elimu ya kuwalisha iko huko huko.

Jioni alinieleza mpango wake wote kwa sentensi mbili. Mchana punda wanatembea na mzigo, usiku wanafungiwa ndani ya miiba kwa sababu ya fisi. "Sasa watachunga saa ngapi? Tutawachungia sisi."

Tulianza na majani ya mpunga. Mto wa Mbu ni nchi ya mpunga na ndizi, na baada ya mavuno mabua hubaki mashambani. Mwenye shamba tuliyemwendea alikataa hela, akasema angeyachoma moto tu wiki ile. Tulijaza viroba vinne. Kabla ya kushindilia, Yeyo alichukua kila konzi, akaligonga mara mbili kwenye kiganja juani na kutazama vumbi. Vumbi jeupe linaloelea kama moshi ni ukungu, na konzi hilo alilitupa. Alinusa pia. Nilifurahi, maana hata kwenye mazizi yetu ya gharama wapo wanaofungua robota bila kulinusa.

Kwa atakayefuata: ukipewa mahindi mabovu au pumba zenye ukungu "kwa ajili ya wanyama", kataa kwa adabu. Kuvu wa Fusarium kwenye mahindi hushambulia ubongo wa farasi na punda. Mnyama huanza kuzunguka ovyo, haoni, kisha anaanguka. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Jumapili: Mto wa Mbu – Selela

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya vumbi inafuata ukuta wa Bonde la Ufa. Mkono wa kushoto genge, mkono wa kulia mbuga inayomeremeta. Magari ya watalii yanapita kwa kasi na kila moja linakuachia dakika mbili za kutoona kitu. Funga kitambaa usoni.

Somo la kwanza lilikuja saa tatu. Mimi nilidhani tutatembea hadi kituo, tupumzike, kisha tukate majani. Yeyo hafanyi hivyo. Yeye anakata akitembea. Mundu uko mkononi, gunia liko begani mwa Layoni, na kila penye kitu cha maana anachukua mikono miwili mitatu, hamalizi kichaka, anaendelea. Tukifika tayari gunia lina mchanganyiko wa aina sita saba. Sababu yake nimeikubali na nimeanza kuifuata nyumbani: punda mwenye njaa hachagui. Akishafika kituoni tumbo tupu, atakula hata kile ambacho siku nyingine angekinusa na kukiacha. Wanyama wengi wanaokufa kwa majani ya sumu hawakuwa wajinga, walikuwa na njaa.

Nilichoandika daftarini siku hiyo kuwa kimeingia guniani: ukoka wa kando ya barabara, lakini ule ulio mbali na tairi, usiojaa vumbi na mafuta, kishona nguo kabla hakijatoa mbegu, mchicha pori kidogo tu, kwa kuwa ukizidi una madhara, na yale majani mororo ya maua ya buluu yanayotambaa palipo na unyevu, ambayo punda aliyeitwa Kijivu aliyatoa guniani mwenyewe kwa mdomo wakati tunatembea.

Na kilichopitwa: ndulele, yenye miiba na matunda ya njano, ambayo hujaa kila mahali palipochungwa kupita kiasi. Mnyonyo, ambao mbegu zake ni hatari zaidi kwa farasi kuliko kwa wanyama wengine wengi wa kufugwa. Mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta, uliostawi kwenye samadi ya boma lililohamwa. Huo wa mwisho Yeyo alinionyesha kwa kuupiga fimbo. Ukiota katikati ya nyasi nzuri, alisema, acha na zile nyasi, maana mbegu zake ni ndogo na nyeusi na hutazitenganisha.

Selela kuna msitu wa kijiji wenye chemchemi, kijani kweli kweli baada ya vumbi la kutwa. Nilichomoa mundu. Yeyo akanishika mkono. Pale na sehemu nyingine karibu yake huruhusiwi kukata bila kuuliza. Kijiji kina malisho yake ya akiba, alalili, yanayofungwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa ukame. Layoni alitumwa kwa mzee mmoja. Alimwinamia kichwa, mzee akamgusa utosini, wakaongea muda mrefu kuhusu mambo ambayo kwa hakika hayakuwa majani. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: tukate ukoka wa kingo za mfereji, tusiguse ndani. Hatukulipa kitu. Tulipomaliza, mke wa yule mzee alituletea kibuyu cha maziwa mgando.

Kwa atakayefuata: pori lisilo na uzio si pori lisilo na mwenyewe. Uliza kabla ya kukata, hasa kiangazi.

Jumatatu: Selela – Engaruka

Siku ndefu na kavu. Sitaisimulia yote. Joto lilianza saa tatu, vivuli vikaisha saa tano, tukalala chini ya mgunga mmoja hadi saa tisa.

Jambo moja tu. Layoni alikuwa ameshindilia ukoka mbichi wa Selela kwenye gunia la plastiki, akalifunga na kulipakia juani. Mchana Yeyo aliingiza mkono hadi kiwiko katikati ya gunia, akautoa, akaniambia nami nijaribu. Ndani kulikuwa na moto wa chai iliyopoa kidogo, na harufu ya uchachu. Gunia zima lilimwagwa barabarani na punda wakavutwa mbali nalo. Nyasi mbichi zilizobanwa huchacha haraka, na zikiendelea kuchacha tumboni mwa mnyama asiyetapika, gesi haina pa kwenda. Kwa farasi huo ndio mwanzo wa msokoto wa tumbo: anageuza shingo kutazama ubavu, anakwangua ardhi kwa kwato, anagaragara. Majani mabichi yabebwe kwenye wavu au yafungwe matita ya wazi, yapitiwe na hewa. Layoni alisemwa kwa Kimaasai kwa muda wa kilomita mbili.

Tuliingia Engaruka gizani. Kijana wa bodaboda, ambaye hatukumjua, aliwasha taa na kutembea nyuma yetu polepole mpaka kwenye boma la ndugu wa Yeyo. Nilitaka kumpa elfu mbili ya mafuta, akasema nimnunulie soda siku nikirudi.

Jumanne: Engaruka, mapumziko

Engaruka inajulikana kwa magofu yake: vijiji vya mawe, vitalu vya mashamba na mifereji ya kale iliyomwagilia eneo kubwa, kisha ikaachwa kwenye karne ya 18 hivi. Niliyatembelea asubuhi. Lakini kwa safari yangu kilichokuwa na maana zaidi ni mto unaoshuka kutoka nyanda za juu, ambao mpaka leo unamwagilia mahindi na maharage. Kando ya mifereji ile, Septemba, kila kitu kingine kikiwa rangi ya majivu, ukoka ni wa kijani.

Niliachiwa kazi ya kukata peke yangu na Yeyo akaenda kutembelea watu. Hapa kuna ufundi mdogo. Ukoka haukatwi ukiwa na umande mzito wala mchana wa jua kali; umande ukikauka, saa tatu hivi, ndiyo saa yake. Unashika konzi kwa mkono wa kushoto, unainua kidogo ili mundu usile udongo, unakata juu ya kifundo ili uchipue tena. Kisha unakung'uta. Mchanga ni adui asiyeonekana. Ukilishwa kila siku hujikusanya chini ya utumbo na siku moja mnyama anaziba. Mimi huwalisha farasi wangu kwenye wavu au juu ya turubai kwa sababu hiyo hiyo. Yeyo anatandika ngozi kuukuu ya ng'ombe.

Mama mmoja mwenye shamba aliniona nikihangaika, akanionyesha rundo la mabua ya mahindi yaliyokaukia shambani. Chukua, baba, hayana kazi. Niliyakagua moja moja. Mabua safi, majani yake yanacharaza kama karatasi. Lakini jirani yake alikuwa na mtama uliokatwa na kuanza kuchipua upya, machipukizi mororo ya urefu wa kiganja. Hayo nilipewa pia, nikashukuru, sikuchukua. Machipukizi ya mtama, hasa baada ya kukosa maji, yana sumu ya sainaidi. Majani ya nyanya na ya tumbaku nayo usichukue hata ukipewa bure kwa tabasamu.

Swali ambalo kila mtu aliniuliza nikiwa nakata: mnyama mmoja anataka kiasi gani? Punda wa kwetu ana kama kilo mia na thelathini hadi mia na hamsini. Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha takribani asilimia moja na nusu ya uzito wake, yaani kilo mbili na kitu. Lakini majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukilisha mabichi matupu unahitaji kama kilo kumi kwa kila punda. Zidisha mara tano, ubebe begani, ndipo utaelewa kwa nini Yeyo alianza na viroba vya majani ya mpunga. Makavu ndiyo shibe. Mabichi na mitishamba ni ladha, maji na madini. Kwa farasi wa kilo mia nne fanya hesabu mwenyewe. Mimi niliifanya nikiwa nimekaa kwenye tuta la mfereji, nikacheka.

Chakula changu: wali maharage kwa mama lishe, elfu mbili na mia tano, na chapati ya kesho yake mia tano. Kuchaji simu mia tano.

Jumatano: Engaruka – chini ya mlima Kerimasi

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Kaskazini mwa Engaruka nyasi zinakwisha. Kinachobaki ni udongo wa majivu ya volkano, mawe, na migunga iliyosimama mbali mbali kama miavuli. Mimi niliona jangwa. Yeyo aliona ghala. Chini ya kila mgunga kulikuwa na maganda yaliyojisokota, rangi ya krimu, na mengine mengi bado juu mtini. Layoni alichukua upembo, mti mrefu wenye ndoano mwishoni, akaunasa tawini na kuutikisa mara tatu. Maganda yalinyesha. Punda walitega masikio kabla hata hayajagusa ardhi. Mlio ule wanaujua.

Niliokota moja nikalifungua. Ganda limejiviringa kama springi ya saa, mbegu zimepangwa ndani ngumu kama changarawe. Kwenye ganda jingine mbegu zina tundu dogo la duara, kazi ya mdudu. Yenye matundu mengi tuliyaacha, siyo kwa sumu bali kwa kuwa ndani yamebaki vumbi. Ganda lenyewe ndilo chakula, lina protini ambayo nyasi ya kiangazi haina. Mbegu nyingi hupita nzima na kutoka upande wa pili. Yeyo hakuruhusu karamu. Makonzi mawili kwa kila punda, kisha mabua, kisha tena baadaye. Chakula kipya huingizwa kidogo kidogo, maana vijidudu vinavyochachusha majani utumboni vinahitaji siku kadhaa kukizoea.

Kuna ganda jingine linalolia ukilitikisa, la mimea mifupi yenye maua ya njano, jamaa wa marejea. Hilo usiokote. Baadhi ya jamii hiyo huharibu ini la farasi na punda taratibu. Unalisha leo, unaona matokeo baada ya wiki au miezi, na kufikia hapo umeshasahau ulilisha nini.

Mchana tulikutana na punda milia kama thelathini, hatua mia mbili hivi kutoka barabarani. Yeyo alisimama kuwatazama na sikujua kwa nini, mpaka walipoondoka akatupeleka walipokuwa. Walikuwa wameng'ata ncha za nyasi ndefu ngumu zilizojificha korongoni, mabaki ya mvua za masika. "Huyu hana daktari," alisema, "anakula anachokijua." Tulikata hizo. Ni kweli pia kwamba punda milia hutangulia kwenye nyasi ndefu na ngumu, na nyumbu hufuata kwenye fupi. Matumbo ya jamaa hawa yameumbwa kwa kazi hiyo.

Usiku ulikuwa mgumu. Tulikaribishwa kwenye boma ambalo Yeyo hakuwa na undugu nalo, lakini baada ya robo saa ya salamu ukapatikana. Walitupa chai ya maziwa na sehemu ya zizi. Kijivu, yule mlafi, hakugusa chakula. Alisimama kimya, masikio yamelegea. Hapo nilipata hofu ya kweli. Punda huficha maumivu, na punda akigoma kula, mafuta ya mwili huanza kumwagika kwenye damu na ini. Siku mbili tatu zinaweza kummaliza hata kama kilichoanza kilikuwa kidogo. Nilimsikiliza tumbo pande zote mbili, likanguruma vizuri. Samadi ilikuwa ya kawaida. Yeyo hakusema kitu. Alimshika pua, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, Layoni akamulika tochi ya simu. Mwiba wa mgunga, mweupe, urefu wa kifundo cha kidole, ulikuwa umechoma ufizi na kulala kando ya jino. Mwenye boma aliutoa kwa kibano cha kutengenezea shanga. Wakamsukutua kwa maji ya chumvi. Saa tano usiku nilisikia anatafuna.

Kwa atakayefuata: maganda yachambue kwa mkono kwenye turubai kabla ya kulisha. Miiba ya mgunga iko ya aina mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda, na ile mifupi ndiyo inayojificha.

Alhamisi: hadi Engare Sero

Mlima Ol Doinyo Lengai ulikuwa mbele yetu tangu alfajiri, na kwa saa nyingi haukusogea. Kuna geti njiani. Mwenye mashine ya risiti alikuwa amekwenda kunywa chai na tukamsubiri saa moja na dakika kumi. Beba chenji na subira. Maji tulinunua kwa bodaboda, elfu moja na mia tano dumu la lita ishirini, na madumu matano yalikwenda kama utani.

Kadiri unavyokaribia ziwa Natron ardhi inakuwa na maua meupe ya magadi. Punda waliilamba. Nilitaka kuwavuta, Yeyo akasema waache walambe wakiwa wanatembea, wasisimame. Magadi ya huku yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wa ukanda huu yanaeleza yenyewe. Farasi wangu nawawekea jiwe la chumvi la dukani na sitabadilisha.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Joto lilikuwa bado la tanuri.

Ijumaa: Engare Sero

Yeyo alikuwa nyumbani na alinikaribisha kama mgeni, yaani nilikatazwa kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo nikatembea. Kwenye kambi moja ya watalii nilimkuta mlinzi, mtu mwema sana, aliyesikia habari za punda waliotoka Mto wa Mbu. Bustani yao ilikuwa imepunguzwa asubuhi ile. Akasema atatuletea toroli zima la majani, na kweli akaleta, akasukuma mwenyewe juani.

Punda wote watano walinyoosha shingo. Yeyo naye alifurahi. Mimi nilichambua tabaka la juu, nyasi za bustani, na chini yake nikaona majani marefu membamba ya ngozi, na ua moja la waridi lililonyauka. Oleanda. Nilipiga kelele ambayo siioni fahari nayo. Mmea ule huua farasi kwa majani machache tu, moyo unasimama, na majani makavu ni hatari sawa na mabichi. Yeyo hakuwa anaujua. Mimea ya porini yote anaijua kwa jina, tabia na msimu, lakini huu umeletwa na wapanda bustani, na hakuna bibi aliyemfundisha. Tulimwaga toroli shimoni na kulifukia. Nilimweleza mlinzi taratibu ili asione ametukosea, maana alitaka kulia. Hata bila oleanda, vipande vya nyasi za bustani havifai: ni vifupi, farasi huvimeza bila kutafuna, na vikiwa kwenye rundo huchacha upesi.

Jioni Yeyo alinitaka nimwonyeshe mimea mingine ya bustani inayoua. Nilimtafutia picha kwenye simu: oleanda tena, mparachichi ambao majani yake hudhuru moyo na viwele, na lantana. Lantana aliijua. Manyaa pia, kwa sababu ya utomvu unaochoma macho. Layoni alizipiga picha zile picha.

Jumamosi: kurudi

Basi linalotoka Loliondo lilisemwa litapita saa kumi na mbili asubuhi. Lilipita saa tatu na nusu. Nauli elfu ishirini na tano, na kondakta alinitoza elfu tatu za gunia la maganda ya mgunga, akiniuliza kama kweli mjini hakuna takataka. Mwanamke aliyeketi nami alinisogezea mtoto wake miguuni ili gunia likae.

Farasi wangu nimewapa maganda kwa wiki kadhaa sasa, yamechambuliwa, konzi moja moja juu ya nyasi kavu. Jike mkubwa anayatafuta chini ya chombo. Dume mzee anayatema yote na kuyapanga ukingoni. Marobota bado tunanunua, kwa kuwa farasi wanne hawalishwi kwa mundu mmoja, lakini mwenye mali amekubali nitumie nusu siku kila Jumanne kukata kingo za mifereji ya jirani, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Na Layoni atanitumia magunia manne kwa basi msimu ujao wa maganda, elfu tano kila moja, nauli juu yangu. Nimemwambia asiokote ndani ya alalili. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba Yeyo alishamwambia, tena kwa fimbo.